Askari Aliyefia Mikononi mwa Adui: Maswali Ambayo Familia za Malindi Huuliza Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka wapi?

Yametoka kwa watu wenyewe. Mengine huulizwa barazani, mengine kwenye matanga, na mengi zaidi huja kwa simu: mtu anatuma picha ya cheti kilichokunjwa mara nne na kuuliza, "Huyu ni babu yetu, alikwenda na Keya (jeshi la King's African Rifles) akatekwa, hakurudi. Tutampata wapi?" Majibu yameandikwa kwa kuwafikiria watu wa Malindi, Mambrui, Gongoni, Marafa na Ganda, lakini mtu wa Lamu au Faza naye atapata lake.

Mateka wa vita ni nani? Si sawa na aliyepotea vitani?

Si sawa, na familia nyingi huchanganya hapo. Mateka ni askari aliyekamatwa na adui akiwa hai. Aliyepotea ni yule ambaye kikosi chake kilihesabu watu jioni kikamkosa, bila mtu kujua kama ameuawa, ametekwa au ametoroka. Katika barua za zamani hayo ni maneno mawili tofauti. Aliyeandikwa "amepotea" aliweza baadaye kuandikwa "ametekwa", kisha "amefariki", na kila badiliko lilipaswa kuletewa familia karatasi yake. Kwa jamaa wa Uingereza karatasi hizo zilifika. Kwa mama aliyekuwa akilima mihogo Marafa, mara nyingi ilifika ya kwanza tu, au ulifika ujumbe wa mdomo wa chifu. Ndiyo maana nyumba nyingi zina habari ya "alipotea" na hazina habari ya mwisho wake.

Babu alichukuliwa zamani hizo. Nianzie wapi?

Anzia nyumbani, usianzie Nairobi wala Uingereza. Swali la kwanza si jina lake, ni vita gani. Kama aliyekuwa akisimulia alitaja Wajerumani, Tanganyika, mizigo kichwani na njaa, hiyo ni vita ya 1914 hadi 1918. Akitaja Wahabeshi au Waitaliano, ni 1940 na 1941. Akitaja Bama (yaani Burma), Wajapani, msitu na mvua isiyokatika, ni 1944 na 1945, na huenda babu alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin.

Kisha fungua sanduku. Ukikuta nishani, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Ichukue penye mwanga, ishike kwa ukingo, uizungushe taratibu. Nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza huwa imepigwa chapa pembeni kabisa, kwenye unene wake: nambari, jina na kikosi. Herufi ni ndogo na uchafu wa miaka mia umezijaa, kwa hiyo pitisha brashi laini kavu tu, halafu piga picha ukiilaza ili kivuli kijae ndani ya herufi. Watu wamekaa na nambari ya babu yao kabatini miaka yote hiyo bila kujua, kwa kuwa waliangalia uso wa mfalme wakaiacha pembe.

Vita vya Pili ni tofauti. Zile nyota zenye pembe sita kwa kawaida hazina jina la mtu, lakini zina jina la mahali: The Africa Star, The Burma Star. Hilo peke yake linakuambia babu alipelekwa upande gani wa dunia, na linakuondolea nusu ya kazi.

Baada ya hapo kaa na mtu mzee kuliko wote katika ukoo. Muulize jina la babu kama alivyoitwa kabla ya jeshi, jina la baba yake, la mama yake, mlango wake, kijiji alichochukuliwa, na rika alilokuwa nalo. Andika yote siku hiyo hiyo, kwa maana mzee akishaondoka hakuna ofisi itakayokupa hayo.

Nimetafuta jina lake, halipo. Ina maana hakufa vitani?

Hapana. Ina maana jina halikuandikwa, au liliandikwa vibaya, au hujalitafuta kwa sura zake zote.

Tuanze na kuandikwa vibaya. Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Mohamed, Muhamadi na Mahomed anaweza kuwa mtu mmoja. Kwa Wagiriama kuna kikwazo kingine: mjukuu huchukua jina la babu, hivyo Charo Kazungu na Kazungu Charo hupokezana kizazi hadi kizazi. Ukikuta Kazungu Charo katika orodha, usishangilie mpaka umepima umri, maana anaweza kuwa babu, au baba wa babu, au mtu wa kijiji cha tatu. Kwa kabila vilevile, usitafute "Mijikenda". Serikali ya wakati ule iliwaandika watu hao "Nyika", na wengine wengi wa pwani waliandikwa "Swahili" tu hata kama kwao ni Ndau au Siyu.

Sasa kutoandikwa kabisa. Hapa lazima niseme waziwazi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliundwa Mei 1917, na sharti lake kubwa lilikuwa kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo, rangi wala dini. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika na Mashariki ya Kati. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo wa Aprili. Ukipita barabara ya Kenyatta Nairobi utaona zile sanamu za askari na mpagazi zilizozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanasema wana wenu watakumbuka majina yenu. Jina hata moja halipo.

Walioumia zaidi ni wapagazi. Katika vita ile ya Afrika Mashariki walitumika watu wapatao milioni moja kubeba chakula na risasi, na inakadiriwa zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa bunduki. Mwaka 1917 watu walikusanywa kwa nguvu wilaya kwa wilaya. Wagiriama walikuwa wameshaonja mapema: walipotakiwa kutoa wapagazi mwaka 1914, tayari Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, ilikuwa imelipuliwa kwa baruti, kiongozi wa upinzani wao Mekatilili wa Menza amehamishwa kupelekwa Kisii, na nchi ilikuwa inawaka moto.

Mpagazi au askari mweusi akitekwa, alifungwa wapi?

Inategemea nani alimteka. Wajerumani walikuwa na kambi ya mateka Tabora, na waliokuwa wamebaki humo waliachiliwa Wabelgiji walipoutwaa mji Septemba 1916. Lakini kambi ilikuwa hasa ya Wazungu na Wahindi. Mpagazi aliyetekwa mara nyingi hakuiona kambi: alitwishwa mzigo wa upande wa pili, safari ikaendelea. Waingereza nao walifanya la kwao. Mwaka 1917 waliunda upya kikosi cha 6 cha King's African Rifles kwa kuwatumia askari waliokuwa wa Mjerumani, wengi wao mateka. Kwa hiyo ukisikia mzee anasimulia kwamba babu "alipigania pande zote mbili", usimcheke.

Shirika la Msalaba Mwekundu huko Geneva lina kadi za mateka wa vita ile, takriban milioni 7, na zinaweza kusomwa bure mtandaoni. Kwa askari aliyesajiliwa jaribu bahati yako. Kwa mpagazi, usikeshe hapo.

Mbona Waitaliano wana kanisa lenye majina huko Nyeri, na babu zetu hawana hata kibao?

Swali hili huulizwa Malindi kuliko mahali pengine popote, na naelewa kwa nini. Hapa Waitaliano ni majirani. Wana nyumba zao, mikahawa yao, na tangu miaka ya 1960 wana kituo chao cha anga kule Ngomeni, kilichokuwa kikirusha setilaiti hadi 1988. Na mji huuhuu ulipigwa mabomu na ndege zao mwaka 1940, jambo ambalo vijana wengi wanaouza samaki pale ufukweni hawajawahi kulisikia.

Waitaliano waliposhindwa Uhabeshi, makumi ya maelfu yao waliletwa Kenya kama mateka: Nanyuki, Naivasha, Gilgil, Londiani na kwingine. Walijenga barabara ya kuteremka bonde la ufa na kile kikanisa kidogo karibu na Mai Mahiu ambacho magari hukipita kila siku. Mkuu wao, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia katika makoloni hayo, alijisalimisha Amba Alagi Mei 1941. Aliletwa Kenya, akaugua kifua kikuu na malaria, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa bado mateka. Aliomba azikwe pamoja na askari wake, na leo amelazwa Nyeri, ndani ya kanisa la ukumbusho lililojengwa baada ya vita, akizungukwa na mabaki ya askari zaidi ya 600, kila mmoja na nafasi yake ukutani.

Tofauti yao na wetu ni karatasi. Mwitaliano aliyetekwa 1941 alilindwa na Mkataba wa Geneva wa 1929: alipewa nambari, alijaziwa kadi, jina lake lilipelekwa Geneva, na akifa ilibidi azikwe kwa heshima na kaburi litiwe alama. Miaka kumi baadaye serikali yake ilipokuja kukusanya mifupa, ilijua ichimbe wapi na iandike nini. Mpagazi wa 1917 alihesabiwa kichwa kama gunia. Hakuna aliyerudi kumtafuta kwa sababu hakukuwa na pa kumtafutia. Sisemi Waitaliano walipata kisichokuwa haki yao. Walipata kile ambacho kila mtu alistahili.

Mgeni Mwitaliano hotelini ananiambia babu yake alifia kambini Kenya. Nimpeleke wapi?

Nyeri, kwenye kanisa hilo la ukumbusho, na ujue ni safari ya kulala njiani ukitoka Malindi kwa gari. Muulize kwanza jina kamili na mwaka, kisha awasiliane na ubalozi wao kabla ya kusafiri. Usimwonyeshe kaburi lolote la zamani la hapa mjini ukamwambia "labda ni huyu" kwa ajili ya bakshishi. Kuna waliofanya hivyo, na mama wa watu akalia juu ya kaburi la mtu mwingine.

Nyumbani tulificha habari ya kutekwa. Si ni aibu?

Wazee wengine waliona hivyo, kwamba mwanamume hupigana mpaka mwisho. Nitakupa kisa kimoja. Agosti 1940, Waitaliano walipoivamia Somalia ya Waingereza, kapteni Eric Wilson alibaki kwenye bunduki yake ya rashasha huko Tug Argan akiwa amejeruhiwa, hadi ngome ikazidiwa. Kikosi kikasema amekufa. Oktoba mwaka huo akatangazwa kupewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya Uingereza, kama marehemu. Kumbe alikuwa mateka, na aliachiliwa mwaka 1941 Waitaliano waliposhindwa Eritrea. Aliishi hadi 2008. Kama kutekwa hakukumvua yeye nishani, sioni kwa nini kumvue babu yako jina.

Sisi ni Waislamu. Hakuna maiti wala kaburi. Tunamfanyia nini?

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefia mbali huswaliwa swala ya ghaibu, na familia nyingi za hapa zimeswali hivyo kwa jamaa waliozama baharini au kufia ughaibuni. Hitima haihitaji kaburi: watu wanakaa, wanasoma, wanamwombea kwa jina lake na la mzazi wake, kisha chai na mahamri. Wengine hutoa sadaka inayoendelea kwa niaba yake, kama vile kisima, mikeka ya msikiti au misahafu ya madrasa. Kwa undani zaidi muulize imamu wako, siyo mimi.

Penye ugumu ni mirathi. Shamba la minazi ambalo bado linaitwa la babu aliyepotea 1944 haligawiki mpaka kifo chake kitambuliwe. Kwa Waislamu hilo ni la Mahakama ya Kadhi, ipo Malindi na ipo Lamu. Sheria ya ushahidi ya Kenya nayo inasema mtu asiyesikika miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia anaweza kuchukuliwa kuwa amekufa. Nendeni pamoja kama ukoo. Ndugu mmoja akienda peke yake, wengine husema anataka shamba, na hapo kesi inakuwa ya ndugu badala ya babu.

Na kwa Wagiriama?

Mila inajibu vizuri zaidi kuliko ofisi. Koma, kijiti cha ukumbusho, husimamishwa kwa ajili ya marehemu nyumbani kwao, na kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, hufanywa kwa aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Hakuna kati ya hivyo kinachongoja mwili uwe chini yake. Wazee ndio watakaosema lini na kwa taratibu gani. Ombi langu ni moja: msiweke mtandaoni picha inayoonyesha kigango kilipo. Vigango vingi viliibwa vikauzwa hadi makumbusho ya Marekani, na ingawa baadhi vimerudishwa, vingi havijarudi kwa wenyewe.

Tuliambiwa alitekwa na Wajapani, wengine wanasema alizama. Tuamini lipi?

Angalieni tarehe. Kama habari ziliisha mwanzoni mwa 1944 na alikuwa wa mizinga, fikirieni meli Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 wakafa. Wakati wa vita habari za meli hazikutangazwa ovyo, na nyumbani ikabaki "Wajapani wamemchukua".

Kama habari ziliisha mwishoni mwa 1944 au baadaye, tazameni Bama. Wasio na kaburi huko wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, uwanja wa Taukkyan, wenye majina karibu 27,000, na askari wa Afrika Mashariki wamo. Tovuti ya Tume hukuonyesha hata nguzo ambayo jina limechongwa.

Tunaweza kumrudisha azikwe kwao?

Hapana. Msimamo wa Tume tangu mwanzo ni kwamba waliokufa hubaki nchi walikofia, mtoto wa bwana mkubwa na mtoto wa mkulima sawa.

Kuna mtu anasema atatudaia fidia Uingereza, tumpe elfu tano za fomu.

Msimpe. Kutafuta jina kwenye tovuti ya Tume ni bure, na kuwaandikia kuomba jina liongezwe au lirekebishwe hakuna ada.

Tukipata ushahidi, Tume itamkubali?

Kama alikuwa bado jeshini na alikufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, chanzo cha kifo hakijalishi. Aliyekufa kwa malaria kambini akiwa mateka ana haki sawa na aliyepigwa risasi. Watakachotaka ni kitu cha kuonyesha kwamba alikuwa jeshini na kwamba alikufa: nambari, cheti, barua, ukurasa wa daftari la wilaya. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, zina majalada ya wilaya za pwani. Nenda na kitambulisho, daftari, na subira ya siku nzima. Tuma nakala, kamwe usitume karatasi yenyewe.

Ndugu yetu wa sasa ametekwa akiwa kazini. Ushauri ni uleule?

La. Hilo ni la leo, na njia yake ni kikosi chake, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kenya, wenye huduma ya kuwatafuta watu waliotengana na familia. Kwa sisi wengine wa mtaani, kazi yetu ni kutosambaza picha wala video ya mateka, hata ikija na maneno ya kumsikitikia. Mama yake ana simu pia.

Tumkumbuke siku gani?

Mwezi wa Novemba, karibu na tarehe 11, kuna ibada kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, na tarehe 14 Oktoba ni siku ya majeshi ya Kenya. Lakini kwa familia nyingi nilizoona, siku iliyoshika ni ile ambayo ukoo hukutana hata hivyo: Maulidi, Krismasi, au matanga ya mtu mwingine. Jina lake hutajwa pamoja na ya marehemu wote, na watoto wanalisikia.

Picha yetu pekee ya babu imeanza kuliwa na unyevu. Tufanye nini?

Ipigeni picha leo, mbele na nyuma, kivulini karibu na dirisha, bila taa ya simu. Nyuma mara nyingi kuna mhuri wa studio au mwaka. Itoeni kwenye karatasi ya plastiki, maana joto la huku huifanya igande na kuchubuka. Iwekeni kwenye bahasha ya karatasi, juu ya kabati badala ya chini ambako mchwa hufika. Msiipeleke kupigwa laminesheni: plastiki hiyo haitoki tena. Na andikeni jina lake kwa penseli kwenye bahasha, si nyuma ya picha.